Anahesabu mpaka mia, ukimwambia "nipe nne" anajaza kiganja: uzi wa hesabu na sayansi kwa michezo

MwalimuWaAwali (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nafundisha darasa la awali, shule ya serikali, pembezoni mwa Dar. Muhula ukianza tu hakosekani mzazi anayekuja na daftari la mtoto wa jirani anayesoma shule ya kulipia, kurasa zimejaa 1 1 1 1 na 2 2 2 2, analiweka mezani kwangu: "Mwalimu, wenzake wako huku, wangu kila siku anarudi na mchanga kwenye soksi." Jibu langu ni refu na kengele hulikata katikati, kwa hiyo leo naliandika lote hapa.

Kabla hatujabishana, fanyeni jaribio hili jioni. Mwite mtoto wa miaka mitatu na nusu au minne, mwambie ahesabu. Ataimba moja mpaka ishirini bila kusita, wengine mpaka mia. Sasa mwagia maharage kwenye sinia, mwambie "nipe manne". Wengi watajaza kiganja wakupe. Au mpangie maharage matano, ayaguse kwa kidole moja mpaka tano, halafu muulize, "Kwa hiyo yapo mangapi?" Hakujibu tano. Anaanza upya: moja, mbili, tatu...

Huyo hana tatizo lolote, ndiyo umri wake. Ila mjue kinachokosekana: hajagundua kwamba neno la mwisho alilotaja ndilo jibu la "mangapi". Ana wimbo, hesabu bado. Na ukurasa mzima wa 4 4 4 4 haumsogezi hapo hata hatua moja, maana unazoesha mkono kuchora umbo tu. Kinachomsogeza ni kushika vitu, kugawana, kudai haki yake na kudhulumiwa.

Nianze na mdako, kwa faida ya mliokulia ghorofani. Mnachimba kishimo chenye upana wa kisahani, mnaweka vijiwe, tuseme 12. Unarusha kijiwe chako juu (sisi tulitumia ndimu), na kabla hujakidaka unakwangua vijiwe vyote nje ya shimo. Unarusha tena, unavirudisha shimoni ukibakiza kimoja. Hicho chako. Hivyo hivyo moja moja mpaka viishe. Ukimaliza unaingia mbili mbili, kila mrusho ubakize viwili kamili. Kisha tatu tatu, nne nne. Ukibakiza vitatu kwenye mbili mbili, umeungua, mpishe mwenzako.

Haya, tazameni kinachoendelea pale chini. Kijiwe kikirushwa mita moja juu kinarudi mkononi kabla ya sekunde moja kuisha. Hakuna muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Jicho lenyewe linalazimika kuona "hivi ni vitatu" kwa mkupuo. Halafu vijiwe 12 kwa mbili mbili ni mirusho sita, kwa tatu tatu minne, kwa nne nne mitatu. Mtoto wa miaka saba anayejua mdako anajua hilo mkononi kabla hajaiona alama ya kugawanya. Tano tano ndipo patamu: vinabaki viwili. Vya nani? Kila mtaa una sheria yake. Darasani kwangu siingilii ule ugomvi, nasogea karibu nasikiliza, kwa sababu wale watoto wanabishana kuhusu baki, mada ambayo walimu wa madarasa ya juu wanaihangaikia ubaoni na chaki.

Rede nayo mnaijua, kujaza mchanga kwenye chupa huku unakwepa mpira wa soksi. Hapo kuna ujazo. Sitairefusha.

Watoto wangu wanazidi themanini na fungu la zana halipo, kwa hiyo kona ya duka ndiyo roho ya darasa. Maboksi matupu ya dawa ya meno, mifuko ya unga, hela ni vizibo vya soda. Juzi muuzaji wa miaka mitano kauza boksi la sabuni kwa vizibo vitatu. Mteja katoa vitano. Muuzaji kavipanga vyote mstari, kasukuma vitatu upande wake, akatazama vilivyobaki, akavirudisha. Mteja akagoma: "Mimi nimekupa vingi, unirudishie vingi!" Ikabidi vipangwe upya mara mbili mbele ya mashahidi. Hakuna aliyeandika chochote siku ile, na mzazi akifungua daftari ataona ukurasa mweupe.

Sayansi naileta chini nikimaliza kazi za watu.

BabaWawili

Mkuu, nakuheshimu ila hapa nakupinga. Nadharia tamu, mtaani mambo mengine. Mwaka juzi nilimpeleka mwanangu mkubwa kwenye usaili wa darasa la kwanza, shule siitaji, akapewa karatasi aandike 1 mpaka 50. Hakuna aliyemuuliza mdako. Aliyecheza sana alirudi nyumbani, aliyekaririshwa akapata nafasi. Nani alaumiwe?

MwalimuWaAwali

BabaWawili, hoja yako ina uzito na siikwepi. Usaili wa namna hiyo upo na unawatia wazazi presha. Lakini angalia wanachopima: mwandiko. Kuandika tarakimu ni kazi ya wiki chache kwa mtoto mwenye vidole vilivyokomaa na anayejua tano ni nini. Mpe unga wa ugali kwenye sinia achore tarakimu kwa kidole, mpe udongo afinyange, mpe waya atengeneze gari. Vidole vikipata nguvu, penseli haisumbui.

Na hili la kucheza sijalitunga mimi. Mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania wenyewe unataka mtoto ajifunze kwa michezo. Wanaompa wa miaka minne kazi ya nyumbani kurasa tatu ndio wameuacha, halafu sisi tunaoufuata tunaonekana wavivu.

MchambuziKimya

Nawasomaga tu lakini leo niingie. Kuna utafiti ninaoupenda kwa sababu ni rahisi mno. Geetha Ramani na Robert Siegler, Marekani, waliuchapisha 2008. Walichukua watoto wa miaka minne na mitano kutoka familia za kipato cha chini, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilicheza mchezo wa ubao wenye vyumba kumi kwenye mstari mmoja, vimeandikwa 1 mpaka 10. Kundi la pili ubao ule ule, ila badala ya namba kuna rangi. Vipindi vinne vya dakika 15 hadi 20 ndani ya wiki mbili, basi. Waliocheza wa namba wakapanda kwenye kuhesabu, kutambua tarakimu, kujua ipi kubwa kati ya mbili na kukadiria namba inakaa wapi kwenye mstari. Wa rangi hawakupanda. Wiki tisa baadaye walipimwa tena, faida ilikuwa bado ipo.

Siri iko kwenye namna ya kutaja. Mtoto yuko kwenye 3, amepata mbili. Haruhusiwi kusema "moja, mbili" akisogea. Anatakiwa aseme "nne, tano", yaani ataje namba ya chumba anachokanyaga. Ukimwacha ahesabu kuanzia moja kila zamu, amecheza mchezo wa rangi.

Ndiyo maana nyoka na ngazi kwa mtoto mdogo siipendekezi sana. Mstari unakwenda kulia, unageuka kushoto, vyumba 100, mtoto anapotea. Ludo haina namba kabisa njiani, faida yake ni vitone vya dadu. Mstari mmoja ulionyooka ndio mpango.

Mkwezi_Pemba

Ahsante mwalimu, na ahsante Mchambuzi. Huku kwetu skuli za maandalizi hazikuwafikia watoto wote kwa muda mrefu, na miaka ya 2000 vikaja vituo vya Tucheze Tujifunze, watu wakiviita TuTu. Vya kijamii, mlezi wa hapo hapo kijijini, redio inawekwa katikati, kipindi kinaongoza: sasa simameni, sasa rukeni mara tatu, sasa okoteni vijiwe. Baadhi ya walezi hawakuwa na cheti chochote cha ualimu, lakini kazi walifanya.

Mie nataka kuongeza sayansi ya pwani ambayo haina gharama. Mtoto wa kwetu anajua maji kupwa na kujaa tangu hajaanza kusema vizuri, ila hakuna anayemuuliza. Chukua mti, uchomeke pahala maji yanapofika, ufunge kitambaa usawa wa maji kila siku saa ile ile akitoka chuoni (madrasa). Ataona kitambaa cha leo hakilingani na cha jana. Kwa nini? Kwa sababu maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Huna haja ya kumwambia dakika, muulize tu kesho kitambaa kitakaa juu au chini. Mfanye wiki mbili, mtapita bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), na usiku muangalie mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndipo bamvua inapokuja. Akiligundua hilo mwenyewe humsahaulishi tena.

MwalimuWaAwali

Mkwezi, hiyo ya kitambaa naiba. Ila nahitaji bahari karibu, mimi nina bomba linalotoka siku moja moja.

Sayansi niliyoahidi ni ndoo ya maji na chungwa moja. Kabla ya kutia chochote kila mtoto aseme: litaelea au litazama? Anayeamini litaelea asimame kushoto, wa kuzama kulia. Msiruke hatua hii. Asiyetabiri anaangalia sinema tu, aliyetabiri ana kesi yake pale ndani ya ndoo.

Chungwa na ganda lake linaelea. Limenye vizuri, ulirudishe. Linazama.

Sitawaambia watoto walisema nini. Jaribuni nyumbani mlete majibu hapa.

MamaPacha

Nimejaribu na pacha wangu, miaka mitano na nusu. Jamani! Wa kike kasema litazama kwa sababu "ni zito". Likaelea. Nikamenya. Hapo wa kiume akawahi, "Sasa litaelea zaidi maana umepunguza uzito." Likazama puu. Akanitazama kama nimemfanyia mazingaombwe, akalitoa, akalikagua, akalirudisha mara sijui ngapi. Halafu akachukua maganda akayatia peke yake. Yakaelea. Akakaa kimya, akasema, "Kumbe ganda ndiyo boti." Wazo la kutia maganda hakupewa na mtu.

Ila mwalimu, nifafanulie na mimi, maana na umri huu sikujua. Kilichopungua ni uzito, inakuwaje kizame?

MwalimuWaAwali

MamaPacha, kijana wako amefanya jaribio la pili bila kuambiwa, mlinde huyo.

Ile nyama nyeupe ndani ya ganda imejaa vitundu vya hewa. Chungwa likiwa na ganda linachukua nafasi kubwa kwenye maji kulinganisha na uzito wake. Ukimenya umepunguza uzito kidogo, lakini umeondoa sehemu ile nyepesi kuliko maji, umebaki na nyama ya chungwa ambayo ni nzito kidogo kuliko maji ya ujazo ule ule. Uzito peke yake hauamui. Ukitaka kuwavuruga vizuri, leta tikiti maji zima la kilo tano na gololi moja. Tikiti linaelea, gololi inazama. Watoto wanaosema "kizito kinazama" wanapata shida hapo, na ile shida ndiyo naitafuta.

Msiwape neno "msongamano" (density) leo. Litakuja sekondari likute mtu ana kitu cha kulitundikia.

NesiWaZamu

Mada nzuri, niweke la kwangu kwa sababu wodini tunayaona. Chini ya miaka mitatu kila kitu kinaishia mdomoni au puani. Maharage, vizibo, gololi, komwe, betri ndogo za saa, vyote viwekwe mbali na mdogo wake anayetambaa. Harage likiingia puani linavimba kwa unyevu, usilichokoe na njiti, mleteni kituoni. Na ile ndoo ya chungwa ikiisha kazi imwagwe pale pale. Mtoto mdogo anazama kwenye maji machache sana. Endeleeni.

KijanaWaKisauni

Shukran nesi. Mombasa hapa nipo. Haya mnayosema sisi wazee wetu waliyaanza zamani. Mpango wa Madrasa wa Aga Khan ulianzia hapa miaka ya 1980, ukaenda Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Wazo lilikuwa kuchanganya Qur'ani na chekechea, na vifaa vyote vitoke mtaani: vifuu, makombe, mbegu, vibanzi vya mbao, mikeka. Mama yangu mdogo alisomesha huko. Nyumba yetu ilijaa vifuu vilivyopigwa msasa, vimepangwa kuanzia kidogo kabisa mpaka kikubwa, na ole wako ukichukua kimoja ukanywee maji.

Kuvipanga vile kwa ukubwa nilidhani ni mapambo. Kumbe mtoto anayeweza kukipachika kifuu cha sita katikati ya vitano vilivyokwisha pangwa ameshafanya kazi kubwa kichwani: hiki ni kikubwa kuliko kile na wakati huo huo ni kidogo kuliko hiki.

Sasa Kenya tuna PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali, kwenye mtaala wa umilisi, michezo imeandikwa kila ukurasa. Lakini wazazi kuagizwa vifaa vya dukani kila wiki, hilo ni jambo jengine, tusilichokonoe hapa.

MkaziWaNyamagana

Mimi Mwanza, fundi seremala, sina ualimu. Wanangu tunacheza kivuli. Fimbo imesimikwa uwanjani, kila saa wanaweka kizibo ncha ya kivuli inapoishia. Jioni vizibo vimechora njia. Wakaona wenyewe kwamba asubuhi vizibo vinaachana mbali, mchana vinabanana.

Kilichowachanganya ni upande. Mwezi wa sita kivuli cha mchana kinalala kusini, mwezi wa kumi na mbili kinalala kaskazini. Kwa hiyo katikati kuna siku kivuli hakipo? Ndiyo. Kwetu hapa ni kwenye katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, jua linapita utosini kabisa. Dar mnapata siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Wekeni chupa ya soda wima kwenye sakafu iliyonyooka kati ya saa sita na saa saba mchana. Kivuli kinajificha chini ya chupa. Wanangu wanaiita siku ya jua kusahau. Ulaya hawaipati hiyo hata siku moja kwa mwaka, msione mko nyuma kwa kila kitu.

MzeeWaBaraza

Vijana mmezunguka kote, bao hamjaligusa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mchezaji wa bao, mjue.

Bao kamili ni mashimo 32, safu nne za mashimo manane, kete 64. Usimpe mtoto wa miaka mitano hilo, atalichukia. Mchimbie mashimo manane tu ardhini kwa duara, kila shimo komwe mbili. Achukue za shimo moja, azigawe moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Siku za mwanzo muache agawe tu. Akishazoea, weka sharti moja: kabla hujashika, onyesha kwa kidole kete ya mwisho itaangukia wapi. Akikosea zamu imepita.

Utamuona anavyobadilika. Kwanza anahesabu kwa kidole hewani, shimo kwa shimo. Baadaye anatazama tu, anasema "pale". Kwenye baraza yetu mchezaji hodari anagawa kwa macho mizunguko kadhaa kabla mkono haujatoka. Anayeanza na kete mbili mchangani yuko njia hiyo hiyo.

BabaWawili

Nimerudi. Bado nina kinyongo na ule usaili, ila mwanangu mdogo (miaka minne) nimempima maharage jana. "Nipe manne", kanipa kumi na kitu. Na anaimba mpaka hamsini kwa Kiingereza! Nimeishiwa nguvu.

Maswali mawili. Moja, lugha: huko shuleni kwake Kiswahili marufuku, michezo hii nimchezeshe kwa lugha gani? Mbili, huo ubao wa mstari wa Mchambuzi, namba zianzie 0 au 1, na dadu yenye sita si itamrusha mbali mno?

MwalimuWaAwali

Lugha: ile anayogombania nayo. Mtoto akidhulumiwa kizibo analalamika kwa lugha ipi? Hiyo hiyo. Majina ya namba kwa Kiingereza atayapata shule, kubishana "umenipunja" hawezi kukusubiri mpaka ajue Kiingereza.

Ubao: anzia 1. Sifuri ije yenyewe siku vizibo vyake vya duka vimeisha na bado anataka kununua. Muulize una vingapi, umsikie.

Dadu ya sita kweli inamrusha, mchezo unaisha kwa zamu mbili tatu. Kwenye ule utafiti walitumia kishale cha kuzungusha chenye 1 na 2 tu. Wewe chukua kizibo kimoja, upande wa juu weka kitone kimoja, upande wa ndani viwili. Anarusha, anasoma, anasogea akitaja namba ya chumba. Ubao wenyewe ni boksi la katoni lililokatwa, vyumba vyote vilingane upana, pima kwa rula usikadirie, maana urefu wa mstari ndio unaomwonyesha kwamba 8 iko mbali kuliko 3. Vitone weka kwa rangi ya kucha, kalamu inafutika kwa jasho la mikono.